Ufunguo Mkuu Katika Faili la Sita

Mafundi wa kompyuta wa mji wa Brno walimwita Otakar Kotrba Bwana Mkono, na yeye jina hilo alilipenda, tena sana. Hakuna kazi aliyoiachia mashine kama angeweza kuifanya kwa vidole vyake mwenyewe.

Kazi yao pale ofisini ilikuwa kusakinisha klasta, yaani kundi la kompyuta za kukodi huko kwenye wingu, zinazobeba programu za mteja ndani ya vifurushi viitwavyo kontena. Njia ya haraka inajulikana na kila mvivu: unaipa programu ya usakinishaji ufunguo mkuu wa akaunti ya mteja, unakwenda kunywa kahawa, ukirudi imeshajitengenezea funguo ndogo zote inazozitaka. Otakar akisikia hivyo damu ilimchemka.

"Fundi bomba amekuja kuziba sinki," alikuwa akisema, "wewe unampa funguo za nyumba, za gari na za sefu, halafu unatoka! Una akili kweli wewe?"

Kwa hiyo yeye alifanya kwa mkono. Kila toleo la klasta lina orodha yake: sehemu saba zinazohitaji kuingia kwenye wingu, na kila moja inasema inahitaji ruhusa gani. Otakar alifungua watumishi saba, yaani akaunti ndogo saba, huko kwenye wingu, kila mtumishi akampa ruhusa zake tu, asizidishe hata moja, akaandika ufunguo wa kila mmoja katika faili lake. Mafaili saba, folda moja, ndipo usakinishaji unaanza. Ukiisha, mafaili yameshanakiliwa ndani ya klasta, folda ile inafutwa kabisa, na ufunguo mkuu unarudi sefuni bila kukanyaga ndani ya klasta.

Kulikuwa na sharti moja zaidi, nalo lilikuwa la karatasi. Karatasi hasa, ya kushikwa. Ilikuwa na mistari saba. Mtu wa pili anakaa pembeni, anasoma mstari kwa sauti, na yule aliyefanya kazi anafungua faili kando ya ukurasa wa mtumishi wake na kuweka kidole kwenye skrini: huyu hapa. Wakimaliza wanasaini wote wawili. Vijana waliicheka ile karatasi, lakini Drahomira Vaculová aliipenda.

Draha, ndivyo wote walivyomwita, alikuwa amekaa miaka ishirini na miwili kwenye dirisha la posta. Dirisha lilipofungwa alikuwa na miaka arobaini na saba, akarudi darasani na watoto wa umri wa mwanawe, akajifunza kompyuta kuanzia sifuri. Aliyemwingiza kwenye kazi ya funguo ni Otakar mwenyewe. Sasa ana hamsini na nne, anatembea ofisini na ndara zake za manyoya, na kila kitu anakihesabu mara mbili kama alivyozoea kuhesabu stempu. Alimheshimu Otakar kupita kiasi. Hilo ndilo lililomponza.

Ilikuwa Ijumaa moja ya Aprili. Mteja alikuwa maabara ya familia ya Trnka, wanaopima damu na kupeleka majibu kwa madaktari. Faili la kwanza mpaka la tano yalikwenda salama. La sita, la ile sehemu inayofungua diski, likagoma. Ruhusa imekataliwa. Otakar akajaribu tena, imekataliwa. Mara ya tatu, vilevile. Diski za maabara zilikuwa na kufuli lake la ziada, na kufuli hilo lilitaka ruhusa ambayo haikuwemo kwenye orodha ya kawaida. Kuitafuta ni kukaa na kusoma, basi. Lakini saa ilikuwa inakaribia nane mchana na treni ya kwenda kijijini kwa mkewe, huko kusini kwenye mizabibu, ilikuwa inaondoka saa nane na dakika arobaini.

Na kule kijijini siku hiyo kulikuwa na mashindano ya mvinyo. Kwa mara ya kwanza Otakar alikuwa amealikwa kukaa na waamuzi. Mwenyekiti wao alikuwa baba mkwe wake, mzee aliyewahi kusema mezani, mbele za watu, kwamba mkwe wake hajui hata kama zabibu ina mbegu. Waamuzi wanaanza kuonja saa kumi kamili. Ukichelewa, kwenye kiti chako anakalishwa jirani.

Basi Bwana Mkono akachukua ufunguo mkuu akaubandika kwenye faili la sita. "Mpaka Jumatatu tu," akajiambia. Ufunguo mkuu hauombi ruhusa kwa mtu. Diski zikafunguka, klasta ikasimama, kila alama kwenye skrini ikawa ya kijani.

Draha akaja na karatasi yake. Akasoma la kwanza, Otakar akaweka kidole. La pili. La tatu. La nne, la tano. Otakar alikuwa ameshavaa koti.

"La sita," Draha akasema. "Nionyeshe."

"Dada Draha," Otakar akasema, "ni mimi unaniuliza?"

Hakupaza sauti. Alitabasamu hata. Lakini Draha aligeuka mwekundu shingo nzima, akasema samahani kaka Ota, akasaini mistari yote saba bila kuinua macho. Na Otakar akaiwahi treni. Siku ile alionja mvinyo za watu tisini, akatoa alama, na baba mkwe akampiga bega mara mbili. Jamani, kwa mapigo mawili ya bega!

Jumatatu ikafika. Sasa maabara walikuwa wameshaanza kazi. Kulifungua faili lile ni kuacha jina lako na saa yako kwenye historia ya klasta, na lazima mtu angeuliza, Ota, kuna nini la sita? Akasema wiki ijayo. Wiki ijayo nayo ina wiki yake ijayo. Mwezi Juni alisimama kwenye ukumbi mbele ya mafundi sitini, akainua kidole, akasema, "Ufunguo mkuu hauingii ndani ya klasta. Kamwe!" Wakampigia makofi. Aliposhuka jukwaani mgongo wa shati ulikuwa umelowa, na haikuwa joto.

Novemba, Jumanne asubuhi, mambo yakapasuka. Bosi wao, Lubor Sedlář, kila mwaka alibadilisha funguo kuu za wateja wote na kuzifuta za zamani. Ni kazi ya dakika mbili, wala hakuna anayeisikia, kwa sababu ufunguo mkuu hautumiki popote. Lakini baada ya dakika kumi simu ya maabara ikalia. Diski hazifunguki, majibu ya damu yamekwama, madaktari wanapiga simu, wagonjwa wamekaa kwenye viti wanasubiri. Saa mbili nzima zilipita kabla ya kugundua kilichokufa: faili la sita lilikuwa na ufunguo mkuu wa zamani tumboni mwake. Lubor akaweka ule mpya kwa muda ili maabara wapumue, akaandika wazi kwamba ni wa muda, kisha akawaita watu wote kwenye chumba cha mikutano.

"Nani ameuweka?" akauliza.

Ukiacha la Lubor mwenyewe la asubuhi hiyo, historia ya faili ilikuwa na jina moja. Mwezi Septemba klasta ilihamishiwa toleo jipya, na aliyefanya kazi hiyo alikuwa Draha. Anayefanya kwa mkono hahami hivihivi: analinganisha orodha mpya na ya zamani, kisha anaweka alama kwa mkono wake kwamba amekagua, na bila alama hiyo klasta inakataa kupanda toleo. Draha alilinganisha mstari kwa mstari, akaongeza ruhusa mpya kwa watumishi, akafungua mafaili yote saba na kuandika namba ya toleo juu. Ufunguo wenyewe ni herufi zilizokorogwa, kwa kuutazama huwezi kujua ni wa bwana au wa mtumishi. Usakinishaji wa Aprili hauachi jina la mtu, na folda yake ilikuwa imefutwa, kama sheria inavyotaka. Duniani kote aliyejua ukweli alikuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa anatazama meza.

Draha akasimama. Alikuwa mweupe kama karatasi.

"Ni mimi," akasema. "Siku ile nilikuwa nimenakili ufunguo mkuu ili niingie. Lazima niliubandika pale bila kujua. Sina neno lingine. Ni mimi."

Otakar akafungua mdomo. Aliusikia ukweli umefika kwenye meno. Na kilichotoka, Mungu anisamehe kukirudia, kilikuwa hiki:

"Jambo kama hili linaweza kumtokea yeyote."

Watu wakatikisa vichwa. Muungwana huyu, anamtetea mwenzake! Otakar aliona vile wanavyomtazama, masikio yakamwaka moto, akainamisha kichwa, na hata kule kuinamisha kichwa wakakuona ni unyenyekevu.

Lubor hakuwa mtu mbaya, ila mteja alikuwa amekasirika. Akaamua kwamba Ijumaa mama mwenye maabara atakuja, Draha atamsomea maelezo na kuomba radhi, na kuanzia Jumatatu hatagusa funguo tena. Atakaa kwenye dawati la simu, kupokea malalamiko ya wateja.

"Nilitoka dirishani, narudi dirishani," Draha akasema, akajaribu kucheka, na hakuna aliyecheka naye.

Jumatano hakushuka kwenda kula na wenzake. Alikula mkate wake pale pale mezani, akiwa ameipa ofisi mgongo. Otakar alishuka, akaletewa supu, akaizungusha kijiko mpaka ikapoa. Atasema kesho, akajiambia. Alikuwa na maneno yote tayari. Tatizo ni kwamba kila alipoyapanga, yaliishia kwenye neno mvinyo, na hapo aliyaacha. Kama angekuwa amekosea kwa sababu mtoto anaumwa, sawa. Kwa kutojua, sawa. Lakini kwa glasi ya mvinyo na bega la baba mkwe!

Alhamisi Draha alikuja mezani kwake na sahani iliyofunikwa kitambaa. Zilikuwa kolache, zile keki za mviringo zenye jemu ya plamu katikati.

"Kaka Ota, hizi ni zako," akasema. "Wewe ndiye ulinifundisha. Watu watasema, huyo ndiye mwanafunzi wa Kotrba. Nimekuaibisha, nisamehe."

"Draha..."

"Acha niseme, nikinyamaza nitalia. Nimeshaandikisha miadi kwa daktari wa macho. Labda ni macho, unaonaje? Maana nalala nikijiuliza, nilibandikaje? Nilihesabu mara mbili. Wewe unakumbuka, mimi nahesabu mara mbili siku zote." Akamtazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. "Au ni kichwa? Mama yangu ilimwanza hivyo hivyo, kusahau alichofanya. Alikuwa na umri huu huu."

Hapo palikuwa pa kusema. Hata jiwe lingesema. Otakar akachukua kolache moja akaitia mdomoni, ili mdomo uwe na kazi. Akala. Akachukua ya pili. Jemu ilimshuka kooni kama udongo.

"Tamu?" Draha akauliza.

"Tamu," akasema.

Usiku ule mkewe alimuuliza mara tatu ana nini, akasema tumbo. Mficha uchi hazai, wahenga hawakukosea, na huyu alikuwa ameshauficha miezi saba.

Ijumaa saa nne asubuhi Bi. Trnková wa maabara akaingia, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa. Kahawa ikamiminwa. Lubor akaeleza kidogo, kisha akampa Draha ishara. Draha akavaa miwani, akafunua karatasi aliyoiandika kwa mkono. Herufi zake zilikuwa za posta, kubwa, zimenyooka.

"Mimi, Drahomira Vaculová," akasoma, "mwezi Septemba, kwa uzembe wangu..."

"Acha," Otakar akasema.

Draha akainua macho. "Sijamaliza."

"Acha kusoma, Draha, nakuomba. Siyo wewe." Akasimama. "Ni mimi. Aprili, siku ya kusakinisha. Ruhusa ilikataliwa mara tatu, mimi nilikuwa na treni. Nikabandika ufunguo mkuu. Draha aliniambia nimwonyeshe la sita, nikamtishia kwa jina langu. Niliwahi mashindano ya mvinyo. Tangu Jumanne namwona anabeba kosa langu, nimekaa nimenyamaza."

Bi. Trnková akaweka kikombe chini.

"Mvinyo?" akauliza.

"Mvinyo, mama."

Otakar alisubiri. Alitaka wamfukuze, alitaka wamtukane, alitaka Lubor apige meza. Lubor akashusha pumzi ndefu, kisha, amini usiamini, akacheka.

"Ota, Ota! Na wewe kumbe ni binadamu! Basi afadhali, sasa tunajua chanzo. Klasta arobaini bila kosa, mama, huyu ndiye fundi wetu bora. Kuteleza si kuanguka."

"Kukiri mwenyewe si jambo dogo," Bi. Trnková akasema. "Sisi imani kwa Bwana Kotrba bado tunayo. Arekebishe tu leo."

"Leo leo!" Lubor akasema. "Kahawa zaidi?"

Dakika tano. Yaliyomfanya Draha akose usingizi siku tatu kwa Otakar yaliisha kwa dakika tano, na kikombe chake kikajazwa. Hakuwahi kuona aibu kama ile. Kile kicheko kilimchapa kuliko bakora. Alitaka kusema msinisamehe hivi, lakini nani angemwelewa?

Draha alikuwa bado ameshika karatasi yake.

"Mimi nilikuwa nakwenda kwenye simu," akasema.

"Aa, mama Draha, hayo yameisha!" Lubor akasema. "Unabaki na funguo zako, hakuna neno."

"Nasikia. Ila kwa kosa hili hili mimi nilikuwa nakwenda kwenye simu. Yeye anaongezwa kahawa."

Lubor akashika birika asijue aliweke wapi. Draha akakunja karatasi mara nne, akatoka, na ndara zake zikasikika mpaka mwisho wa ukumbi.

Otakar alimfuata mezani kwake. Sahani ya kolache ilikuwa pale, imeshaoshwa.

"Nisamehe," akasema.

"Ulikula kolache zangu."

"Nilikula."

"Mbili."

"Mbili."

"Nikakuuliza kama ni kichwa changu kinaharibika, na wewe unatafuna." Machozi yalikuwa yamejaa lakini hakuyaacha yashuke. "Sikusamehe leo, Ota. Sijui kesho. Kaa chini ufanye kazi."

Akakaa. Akafungua maelezo ya kufuli la diski, akasoma kama alivyotakiwa kusoma Aprili. Ruhusa iliyokosekana ilikuwa ukurasa wa tatu, mstari mmoja mfupi. Akampa mtumishi wa sita ruhusa hiyo, akamtolea ufunguo wake mwenyewe, akauandika kwenye faili, akauondoa ufunguo mkuu. Diski zikafunguka. Alitazama saa: dakika ishirini na tano. Treni ile angeiwahi, na kiti chake angekikuta kitupu kinamngoja.

Draha akavuta droo, akatoa karatasi ya Aprili. Sahihi zao mbili zilikuwa pale, mistari saba.

"Hii yangu ni ya uongo," akasema, akigusa jina lake. "Nilisaini nisichokiona kwa sababu nilikuogopa. Hiyo ni aibu yangu mimi, sikuachii wewe uibebe." Akaichana katikati, akatoa karatasi mpya, akavaa miwani. "La kwanza."

Otakar akafungua faili, akaweka kidole. "Hili hapa."

"La pili."

"Hili hapa."

Walikuwa wamefika la tano Lubor alipochungulia mlangoni, koti begani. Ilikuwa ile wiki ya Novemba ambayo migahawa hupika bata bukini, na ukichelewa mgahawani unabakiziwa kabichi tu.

"Ota, twende bwana, meza imeshawekwa! Hayo si umeshamaliza?"

Otakar hakugeuka. "Tangulieni," akasema.

Draha alisubiri mpaka mlango ukafungwa. Kisha akasogeza kiti chake karibu na skrini.

"La sita," akasema. "Nionyeshe."

Otakar akafungua. Upande mmoja ufunguo, upande wa pili jina la mtumishi na ruhusa zake. Akaweka kidole. Draha akasoma herufi moja moja kwa sauti, mpaka mwisho. Kisha akarudi mwanzo akasoma tena, na Otakar hakuondoa kidole.

"La saba," Draha akasema.